Meli Iliyozama Sebuleni

Jumamosi, 9 Agosti

Maonyesho ya Nane Nane yamefungwa jana pale Nyakabindi na mimi nimerudi na akili mpya. Akili kubwa! Nilikuwa nimejisitiri na jua tu kwenye banda la samaki, Kija mgongoni analia. Mle ndani kulikuwa na sanduku la kioo, maji tele, samaki wanapita. Kija akanyamaza. Mtoto wangu wa miaka minne, ambaye hanyamazi hata kwa andazi la moto, akabandika pua kwenye kioo akasema, "Mama, wanaruka." Watu wa nyuma wakasukuma, wakaguna, wakatuita wenye banda. Hatukutoka mpaka walipofunga.

Leo asubuhi simu. Mama mkwe, kutoka Kimali. Salamu kwanza: mwangaluka, mwangaluka, wa huko hawajambo, ng'ombe wamekonda, maji yako mbali, ndipo akatoa neno. Kasema Kija amekua. Mjukuu wa kwanza analelewa na bibi, ndivyo Maduhu alivyolelewa na bibi yake na hakupungua kitu. Mjini mtoto anajifunza nini, kula chipsi? Atakuja na lori la mnada, si wiki ijayo, ile inayofuata, Ijumaa. Amchukue. Tena amemwahidi ndama wake mwenyewe, mwekundu, ana baka jeupe usoni.

Nimemjibu kwa adabu: ndiyo, mayu, ndiyo, mama. Nikakata simu nikamkumbatia Kija mpaka akasema namminya.

Nimempigia Maduhu, mume wangu. Anaendesha lori la pamba, msimu kama huu analala huko huko kiwandani. Kasema mama ni mama, haambiwi hapana. Sawa. Mimi simwambii hapana. Mimi namwonyesha. Bibi gani atamtoa mtoto kwenye nyumba yenye bahari?

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani mwili tu. Akili ilikuwa majini.

Nimetazama kwenye simu mpaka bando likakata. Kuna watu wana bahari ndani ya nyumba zao! Chini wameweka matumbawe, yale mawe ya baharini yanayoota kama maua, mekundu, ya zambarau. Katikati meli iliyozama, imelala ubavu, samaki wanaingia mlangoni na kutokea dirishani kama wapangaji. Kija kashika simu kwa mikono miwili, hataki kupumua.

Nimeamua. Si kisanduku kama kile cha maonyesho. Langu litachukua ukuta mzima wa sebule, na meli iliyozama ndani yake. Kochi nimelitoa nje. Mgeni anayetazama bahari hahitaji kochi.

Kidato cha pili nilifika na jiografia nilikuwa naipenda. Bahari ni vitu vitatu: maji, chumvi, samaki. Hakuna kigumu hapo.

Domitila, jirani yangu, kachungulia juu ya ua wa minyaa akauliza kochi linakwenda wapi. Huyu tangu aweke vigae sebuleni haipiti siku hajanialika nikavikanyage. Nimemwambia atajua. Kasema yeye anajua tayari, tunafilisika. Nimecheka kicheko cha mtu mwenye bahari.

Jumanne, 12 Agosti

Nimekwenda kwa Luhende, fundi wa kuchomelea magrili ya madirisha. Nimemweleza: fremu ya chuma urefu wa kitanda cha sita kwa sita, kimo cha kifuani kwangu, vioo vizito pande zote. Kauliza ni jeneza la nani. Nimemweleza upya. Kauliza mume wangu anajua? Nimemwambia mume wangu anaendesha lori, mambo ya baharini ameniachia mimi.

Kakubali. Vioo anavyo, vya kabati za duka moja lililofungwa. Hela ni ile niliyojiwekea ya kupiga lipu nyumba. Nyumba isiyo na lipu ipo mitaa yote. Bahari haipo.

Kisha nikamwagiza meli. Hapo kidogo akasita. Kasema yeye ni mtu wa Malampaka, amekulia kituoni, chombo kikubwa anachokijua ni treni. Nimemwambia meli ni treni ya majini, asihangaike, achomelee tu. Nilitoka pale natembea kama bosi.

Alhamisi, 14 Agosti

Fremu imeingia! Wanaume sita wamebeba, mlango umeng'olewa, mlango umerudishwa. Mzuri, unafunga kwa kusukuma na bega.

Meli nayo imekuja. Ina bomba la moshi, ina madirisha mengi yamepangana, ina mlango wa mbele. Na magurudumu. Manane! Nimemuuliza Luhende haya ni nini. Kasema bila hayo ingesimamaje? Nimetaka kukasirika. Halafu nikafikiri. Meli yenye magurudumu lazima izame. Basi inafaa kabisa.

Domitila kaja bila kuitwa, kasimama mlangoni, mikono kiunoni. Kasema Mama Kija, mtu mwenye akili anamwekea mtoto meli iliyozama? Humo si walikufa watu? Kija alikuwa anasikiliza, na mdomo umeanza kumtetemeka. Nimechukua rangi ya Luhende nikaandika ubavuni mwa meli, herufi kubwa: ABIRIA WOTE WALIOKOKA. Nikamsomea Kija. Kauliza, na mbuzi wao? Nikaongeza: NA MBUZI.

Mtoto kalala vizuri.

Jumamosi, 16 Agosti

Siku ya matumbawe. Ya kweli yako Pwani, na mimi niko Bariadi. Lakini Mungu hakumnyima Msukuma. Anamnyima bahari, anampa pamba. Nimekwenda shambani kwa mama yangu mzazi, wameshavuna, miti ya pamba imesimama mikavu, matawi yamesambaa, na vitumba vyake vimefunguka kama maua. Ukiitazama kwa jicho la upendo ni matumbawe matupu! Nimefunga mzigo mkubwa, nikaupandisha bodaboda. Dereva kasema kuni zipo hata karibu. Watu hawaoni mbali.

Nimeipaka rangi za magrili: nyekundu, bluu, na ile ya kijani ya mageti. Kija kapaka mitatu yeye mwenyewe, pamoja na goti lake. Tumeipanga kati ya mawe, meli katikati imelala ubavu. Nilipomaliza nimekaa chini nimetazama mpaka ugali ukaungua.

Maji ndiyo mapigano. Mwezi wa nane huu, bomba linatoka siku likitaka. Nimeita maji ya mkokoteni, punda wamekwenda na kurudi tangu asubuhi hadi jioni. Jirani mmoja kauliza nina msiba. Mwingine kauliza nina harusi. Domitila kakaa kwenye kochi langu lililo nje, anahesabu madumu kwa sauti.

Limejaa. Halivuji, ila pale linapovuja. Nimeziba kwa sabuni ya mche na imani.

Jumatatu, 18 Agosti

Domitila ni nyoka. Kanishtaki kwa bwana shamba!

Salu, bwana shamba wetu, kafika na pikipiki na uso wa serikali. Kasema amepata taarifa kwamba nimeficha miti ya pamba nyumbani. Miti ya pamba ikishavunwa inang'olewa na kuchomwa, kila mkulima anajua, isifuge wadudu wa msimu ujao. Nimemwambia sijaficha, karibu ndani. Kaingia. Kasimama mbele ya bahari. Kavua kofia.

Halafu kasema sheria ni sheria, hii lazima ichomwe. Nimempa kiberiti. Nimemwambia aingie tu akachome, viatu aache mlangoni. Kaangalia kiberiti, kaangalia maji. Domitila nyuma yake anasema asichezewe, aitoe moja moja. Salu kasema ngoja kwanza. Kauliza mdudu wa pamba anaishije chini ya maji. Kasema ataandika kwamba miti "imeharibiwa kwa njia ya kuzamishwa". Kisha akaomba kupiga picha na meli.

Mimi moja, vigae sifuri.

Jumanne, 19 Agosti

Chumvi. Pakiti za dukani zingekuwa mzaha kwa maji mengi namna hii. Nimekwenda duka la dawa za mifugo, pale kuna chumvi ya mawe ya ng'ombe, mikubwa, mizito, ya kahawia. Muuzaji kaniuliza nina ng'ombe wangapi. Nimemwambia sina, nina bahari. Kasema hii imechanganywa na madini, inajenga mifupa. Vizuri! Kwani samaki hawana mifupa? Nimechukua mawe manne. Bahari si kitu cha kubania.

Nimeyazamisha pembeni mwa meli. Hadi jioni maji yakawa rangi ya chai ya rangi. Kija kasema bahari imeiva.

Samaki wamefika na basi kutoka Kiloleli, kando ya ziwa, mjomba wangu kanitumia ndoo yenye sato wazima. Kawaagiza wenye basi samaki wabadilishiwe maji njiani, na kondakta kabadilisha kweli, Mungu ambariki. Tumewamwaga. Wakazunguka meli! Wakapita kwenye matumbawe ya pamba! Kija akapiga makofi, akawapa majina yote ya darasa lake la chekechea. Mimi nililia kidogo, kwa ushindi.

Samaki wanahitaji hewa, niliona kwenye simu. Nimefunga pampu ya baiskeli kwenye mpira wa maji. Mkono wa kulia nasonga ugali, mkono wa kushoto napampu. Mama anaweza.

Jumatano, 20 Agosti

Darasa zima limefariki.

Niliamka wamelala juu ya maji, matumbo mbinguni. Nimemwambia Kija wanaota jua. Kauliza jua liko wapi sebuleni. Mtoto huyu atakuwa hakimu.

Nimemwita Luhende. Kaonja maji kwa kidole, katema, kasema hata mimi nisingeishi humo. Kasema samaki wa ziwani wamezoea maji baridi, chumvi hawaijui. Kwa nini ziwa lisiwe na chumvi kama bahari? Uzembe wa nani?

Nimechota nusu nikaongeza maji ya kawaida. Yale mawe yameshayeyuka, hayashikiki tena. Sasa chumvi imebaki kama ya mboga iliyokolea. Sato tumewakaanga. Hawakuhitaji kutiwa chochote. Kija kala, kisha kauliza huyu alikuwa nani. Nimemwambia hakuwa wa darasa lake.

Kesho kutwa ndiyo Ijumaa. Mama mkwe yuko njiani na mimi nina bahari isiyo na mtu.

Lakini sijatikisika.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimepata kambale! Mmoja, mkubwa kama mkono wangu, kutoka kwenye lambo linalokauka kule kwa mama yangu. Kambale hafi. Kambale anaishi kwenye tope, anatembea kwa tumbo, chumvi kidogo itamfanya nini? Nimemtia majini. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akaingia melini moja kwa moja kama mtu mwenye tiketi. Hakutoka tena. Ukikaa sana utaona sharubu dirishani.

Kija kakaa. Asubuhi nzima, pua kwenye kioo. Nimemuuliza yupi bora, bahari au ndama? Kafikiri. Kasema ndama ana masikio.

Nimejifungia jikoni. Nimejiambia Apolonia, usilie, paka rangi matumbawe upya. Lakini nilikata vitunguu ambavyo havikuhitajika. Nguo za Kija ziko kwenye kamba. Sikuzianua. Nikizianua nitazikunja, nikizikunja zitakuwa tayari kwa safari.

Ijumaa, 22 Agosti

Naandika yote.

Saa nne lori la mnada likasimama mbele ya nyumba. Ng'ombe juu, vumbi, mama mkwe akashuka mbele na fimbo na kitenge kipya. Nikapiga magoti. Mwangaluka mayu. Mwangaluka. Akamwangalia Kija, akamshika kidevu, akasema amefanana na watu wetu, pua tu ndiyo ya kwenu. Nyuma yake wakamshusha ndama. Mwekundu, baka jeupe. Kija akapiga kelele ambayo sikuisikia hata siku ya sato.

Nikasema mayu, karibu ndani uone. Kaingia. Domitila naye kaingia, kaleta na kiti chake. Mama mkwe kasimama mbele ya bahari yangu. Nikamweleza: hii ni bahari, haya ni matumbawe, hii ni meli, imezama, abiria wote waliokoka. Nikamwambia kwamba Kija akikua hapa atakuwa anaona dunia kila siku. Kisha mama mkwe kasema kwa sauti ndogo, "Mama Kija. Haya maji yote. Na ng'ombe wangu wanatembea siku nzima kufuata dimbwi."

Nilitamani nami nizame. Domitila akasema, "Mwambie, mama, mwambie!" Mama mkwe akageuka akamuuliza yeye ni wa ukoo gani. Domitila akakaa chini.

Basi. Kasema nilete nguo za mtoto, lori halisubiri. Nikaenda kwenye kamba. Nikaanua gauni moja moja, polepole, kama mtu anayechuma pilipili. Nikasikia kishindo ndani.

Ndama ameingia! Kija ndiye aliyemvuta kwa kamba akaone bahari, kwa kuwa, kasema, yeye ndama hajawahi. Mlango ule wa kusukuma na bega ukasukumwa na bega la ndama. Akanusa kioo. Akakilamba. Akainua kichwa, akakita miguu ya mbele juu ya mfuko wa saruji uliobaki tangu tulipojenga nyumba, akatumbukiza pua ndani. Akanywa. Akanywa! Akanyonya bahari yangu kwa kelele, mkia unapiga ukuta, macho ameyafumba. Maji yakashuka. Bomba la moshi likatokea. Madirisha yakatokea. Ile meli ikaanza kuibuka mbele ya macho ya watu. Kambale naye kaona mambo yameharibika, katoka mlangoni mwa meli kwa hasira na kumwagia Domitila maji usoni kwa mkia.

Wakaja wanaume wa lori. Wakamvuta ndama. Hatoki. Wakamsukuma. Kakita kwato. Wakambeba hadi nje, walipomwachia tu karudi mbio, kapita katikati ya miguu yao, karudi kulamba kioo. Mara ya pili hivyo hivyo. Dereva anapiga honi.

Mama mkwe akainua fimbo. Akachovya kidole majini, akaonja. Akanitazama. Kauliza nimetia chumvi ya mawe? Nikasema ndiyo mayu. Ile ya kahawia? Ndiyo mayu. Kauliza nani alinifundisha. Nikasema hakuna.

Akakaa kwenye kiti cha Domitila. Kasema mtu anaweza kudanganywa, ng'ombe hadanganywi. Ng'ombe akikataa boma, boma hilo lina neno. Ng'ombe akichagua boma, usimhamishe, utajuta. Kasema alifikiri mkwe wake wa mjini hajui kitu, kumbe anajua kuweka mnyama. Ndama amechagua hapa. Ndama ni wa Kija. Basi Kija atakaa ndama alipo.

Nimebaki na magauni mikononi. Nimesema wabeja mayu, asante mama. Nimesema mara nyingi mpaka akaniambia basi.

Kisha akamwambia dereva ashushe mzigo wake. Kwa sababu, kasema, watu wa mjini hawawezi kuachiwa ndama peke yao. Yeye atakaa mpaka mvua zinyeshe.

Nikaangalia mzigo. Haukuwa wa siku mbili.

Jumapili, 24 Agosti

Maduhu karudi leo kutoka kiwandani. Kasukuma mlango kwa bega, kasimama. Mama yake yuko kwenye godoro la kitanda chetu anamsimulia Kija habari za majoka. Ndama anacheua mahali palipokuwa na kochi. Kochi huko nje limejaa kinyesi cha kuku. Meli tumeiinua, imesimama juu ya magurudumu yake, kavu mpaka kiunoni, na kambale yumo kwenye maji yaliyobaki anatutazama sote kwa dharau. Maduhu kaniuliza ile hela ya lipu iko wapi. Nimemwonyesha kwa kidole.

Kija kamkimbilia, kamshika mguu, kamwambia baba, mimi siendi popote, ndama amekataa. Maduhu kamwinua. Nimeona macho yake. Hakuuliza tena habari za hela.

Baada ya chakula kaniita pembeni. Kasema mke wangu, kwa haya yote, umejifunza nini? Swali zuri, nimelifikiria kwa makini wakati naosha vyombo. Mpango haukuwa na kosa hata moja. Ng'ombe kakubali, bibi kakubali, bwana shamba kapiga picha. Kosa ni moja tu: bahari ilikuwa ndogo. Ndama mmoja kaimaliza nusu. Na leo mama mkwe kasema, tena kwa sauti laini, kwamba angefurahi ndama apate wenzake wawili watatu kutoka Kimali, asije akapata upweke.

Nimeshakipima chumba chetu cha kulala kwa kanga. Kinatosha, kitanda kikitoka. Maduhu nitamwambia akishaamka, akiwa ameshakunywa chai.